Mgonjwa Mmoja Huuliza, Wengi Hujibu

(Hotuba kwa wanafunzi wa tiba, wauguzi na wananchi waliohudhuria. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi wenzangu, wanafunzi, na nyinyi ndugu zangu mliokuja kutusikiliza ingawa si watu wa fani hii: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kitabibu wa miaka ya karibuni pamoja na visa vya wagonjwa visivyo vya kawaida. Nitaanza na mnyoo.

Mwezi Juni 2022, katika hospitali ya Canberra nchini Australia, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hari Priya Bandi, alikuwa akimpasua mwanamke wa miaka 64. Picha ya MRI ilikuwa imeonyesha doa upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya mbele, na nia ilikuwa kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Daktari akashika kitu kwa kibanio, akakivuta taratibu. Kikatoka kinyuzi chekundu chenye urefu wa sentimita 8, kinajinyonganyonga. Alikuwa mnyoo, naye alikuwa hai.

Mama yule alikuwa ameugua tangu mapema 2021. Tumbo lilimuuma, akaharisha, akashikwa na kikohozi kikavu na jasho la usiku. Damu yake ilikuwa na eosinofili nyingi kupita kiasi, zile chembe nyeupe ambazo aghalabu hupanda mtu akiwa na minyoo au mzio. Mapafu na ini vilikuwa na madoa. Madaktari wakatafuta minyoo wasiione. Vipimo vya kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, navyo vikarudi bila kitu. Wakafikia uamuzi kwamba chembe zenyewe ndizo zenye kasoro, wakampa prednisoloni na dawa nyingine za kutuliza kinga. Akapata nafuu ya nusunusu. Ulipofika 2022 akaanza kusahau mambo na kuzama katika huzuni nzito, na hapo ndipo ubongo ulipopigwa picha.

Mnyoo alipelekwa kwa mtaalamu wa vimelea, akatambuliwa kuwa Ophidascaris robertsi. Makao yake ni tumbo la chatu. Mayai hutoka na kinyesi cha chatu, wanyama wadogo huyala pamoja na majani, chatu huwala wanyama hao, na mzunguko unaendelea. Binadamu hakuwahi kuonekana ndani ya mzunguko huo. Lakini mama huyu aliishi karibu na ziwa lenye chatu, na alikuwa na desturi ya kuchuma mboga za porini kando ya ziwa hilo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mayai yalishika kwenye mboga au mikononi mwake. Alipewa dawa za minyoo, ivermektini na albendazoli, pamoja na deksamethasoni ya kutuliza kinga, kwa hofu kwamba viluwiluwi vingine vikifia ndani ya viungo vitawasha moto mwilini. Taarifa ikachapishwa mwaka 2023.

Kisa hiki kilienea dunia nzima, na wengi walikisoma kwa kusisimka tu. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walifikiria minyoo, wakapima, wakapima tena. Kilichowaponyoka ni kwamba hakuna kitabu duniani kilichokuwa na mgonjwa kama huyu. Sasa kipo. Daktari yeyote atakayekutana na eosinofili zisizoeleweka kwa mtu aliyeishi karibu na nyoka hao ana mahali pa kuanzia.

Na hapo ndipo uwezo wa taarifa ya mgonjwa mmoja unapoishia. Inatuambia kwamba jambo hili limewahi kutokea. Haituambii hutokea mara ngapi, wala haiahidi kwamba kilichomfaa huyu kitamfaa na mwingine. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu yote nitakayosema leo yanazunguka hapo: mgonjwa mmoja anaweza kuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza, lakini kulijibu ni kazi ya wagonjwa wengi waliolinganishwa kwa haki.

Tarehe 5 Juni 1981, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha katika jarida lake la kila wiki taarifa fupi kuhusu vijana watano wa kiume wa Los Angeles. Wote walikuwa na nimonia ya Pneumocystis, nimonia ambayo kwa kawaida humpata mtu ambaye kinga yake imekwisha kubomolewa na saratani au na dawa kali. Hawa walikuwa wazima wa afya kabla ya hapo. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Watano tu, ndugu zangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa ambao baadaye tuliuita UKIMWI.

Huko huko CDC alikuwapo mwanamke aitwaye Sandra Ford. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kushughulikia maombi ya dawa adimu, na mojawapo ilikuwa pentamidini, dawa ya nimonia hiyo. Aliona maombi yanaongezeka, tena kwa vijana ambao madaktari wao hawakuwa na sababu ya kueleza kwa nini kinga imeanguka. Akamwandikia mkubwa wake. Nawatajia jina lake kwa sababu humu ndani wamo wafamasia, wamo watunza kumbukumbu, wamo watu wa maabara, na huwa tunazungumza kana kwamba ni daktari peke yake mwenye macho.

Sasa ruka miaka 43. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa PURPOSE 1 uliofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kundi moja lilichomwa sindano ya lenakapaviri kila baada ya miezi sita ili kuwakinga na VVU. Makundi mengine mawili yalipewa vidonge vya kumeza kila siku. Kati ya wanawake 2,134 wa sindano hakuambukizwa hata mmoja. Kati ya 3,204 waliopewa vidonge waliambukizwa 55. Vidonge vile ni dawa nzuri kwa anayevimeza. Ilionekana kwamba wengi hawakuvimeza ipasavyo, na hilo lenyewe ni jibu kubwa. Kidonge kinamtaka msichana akiweke mahali, akifiche kama kuna wa kumficha, akikumbuke kila siku. Sindano mbili kwa mwaka hazimtaki hayo. Kutoka vijana watano hadi wanawake zaidi ya 5,000: swali liliulizwa na wachache, jibu likaletwa na wengi.

Lakini mgonjwa mmoja anaweza pia kutupoteza njia, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana kisa chenyewe ni cha furaha.

Mwaka 2004, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, msichana wa miaka 15 aliumwa na popo kidoleni. Kidonda kilikuwa kidogo, kikasafishwa, na hakupelekwa kuchanjwa. Baada ya mwezi mmoja hivi akaanza kuona vitu viwiliviwili na kuyumba. Kilikuwa kichaa cha mbwa. Ndugu ambao si wa fani hii mjue kwamba dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Daktari Rodney Willoughby na wenzake wakaamua kumlaza usingizi mzito kwa ketamini na midazolamu, wakaongeza dawa za kupambana na virusi. Wazo lao lilikuwa kwamba ubongo ukipumzishwa, kinga ya mwili itapata muda wa kujipanga. Msichana hakufa. Alijifunza upya kutembea na kuzungumza, akarudi shuleni, akasonga mbele na maisha yake.

Utaratibu ule ukapewa jina la mji wa Milwaukee na kujaribiwa katika nchi nyingi. Wagonjwa wakafa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 madaktari wawili wa Kanada, Frederick Zeiler na Alan Jackson, waliupitia ushahidi wote wakaandika waziwazi kwamba njia hiyo imeshindwa na iachwe. Basi msichana yule alipona kwa nini? Alipofikishwa hospitali, damu yake na maji ya uti wa mgongo tayari vilikuwa na kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa, na virusi vyenyewe havikupatikana. Huenda mwili wake ulikuwa umekwisha kuanza kushinda kabla ketamini haijaingia mshipani.

Ugumu wa kisa kama hiki ni kwamba aliyepona anaonekana, ana sura, ana familia inayolia kwa furaha. Waliokufa kwa utaratibu ule ule wengi wao hawakuchapishwa, au walichapishwa miaka mingi baadaye mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Daktari aliye na mgonjwa anayekufa mbele yake atamkumbuka aliyepona, na atajaribu. Simlaumu. Ila fedha, vitanda na wiki nzima za chumba cha uangalizi maalumu vilikwenda huko, wakati ugonjwa wenyewe unazuilika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi Asia na Afrika, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Jeraha likioshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apate chanjo, na sindano ya kingamwili pale inapohitajika, hafi. Hakuna la ajabu katika maneno hayo, na ndiyo maana magazeti hayayapendi.

Nije kwenye utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa tiba angepaswa kuusoma kabla hajaruhusiwa kutundika dripu. Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Kathryn Maitland na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2011.

Mtoto analetwa na homa kali. Anapumua kwa shida au amelegea hajitambui vizuri, mikono na miguu ya baridi, ukibonyeza ngozi damu inachelewa kurudi. Mafunzo ya dunia nzima yalisema mpe maji mengi ya mshipani, tena haraka. Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye wodi ya watoto alikuwa ameona kwa macho yake jinsi yanavyosaidia: mikono inapata joto, mapigo yanajaa, mama anavuta pumzi. Nani angethubutu kuuliza kama kweli yanasaidia? Waliuliza. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa kwanza walipewa maji ya albumini, protini ya damu, kwa haraka, wa pili maji ya chumvi kwa haraka, wa tatu wakapewa maji ya kawaida ya kuwatunza, taratibu. Wote walipata antibayotiki, dawa ya malaria, damu kwa waliohitaji, na usimamizi wa karibu.

Utafiti ulipangwa kufikia watoto 3,600. Ulisimamishwa walipofika 3,141, kwa sababu kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu iliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya watoto wa albumini, asilimia 10.5 ya watoto wa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa maji kwa haraka. Fanyeni hesabu: katika kila watoto 100 waliomiminiwa, watatu zaidi walikufa.

Linalonikosesha usingizi mpaka leo lilikuja katika uchambuzi wa baadaye. Watoto waliomiminiwa maji walionyesha nafuu mapema zaidi katika saa ya kwanza. Mikono ilipata joto kweli. Muuguzi aliyeona nafuu ile hakuota, alichokiona kilikuwepo. Kisha wengi zaidi wao wakafa baadaye, moyo na mzunguko wa damu vikianguka. Hakuna muuguzi, hakuna daktari, hata awe na uzoefu wa miaka 40, ambaye angeweza kuligundua hilo akiwa kando ya kitanda. Mtoto akifa saa thelathini baada ya dripu, na ni mgonjwa mahututi wa malaria, utasema malaria imemuua. Tofauti ya watatu katika mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja. Inaonekana tu ukiwaweka watoto maelfu kandokando, waliogawanywa bila upendeleo, ukahesabu.

Kuna waliokasirika. Wengine walisema matokeo hayawahusu kwa sababu hospitali zao zina mashine nyingi zaidi. Miongozo ilichukua muda kubadilika. Mimi nawaheshimu wazazi wale kuliko mtu yeyote katika habari hii: mtoto yuko katika hali mbaya, mtu amevaa koti jeupe anakwambia hatujui ipi ni bora, tunaomba ruhusa yako tujifunze, na mzazi anakubali. Watoto walioepushwa na dripu zile baada ya 2011 wanawiwa na wazazi hao.

Mara nyingine mambo hukaa sawa tangu mwanzo. Huko Bordeaux, Ufaransa, mtoto mchanga alikuwa na hemanjioma puani, lile vimbe jekundu la mishipa ya damu ambalo huwatokea watoto wachanga na likikua vibaya huziba jicho au njia ya hewa. Alipewa steroidi, na steroidi zikamletea tatizo la moyo. Kwa ajili ya moyo akaanzishiwa propranololi, dawa ya zamani, ya bei nafuu, ambayo haikuhusiana kabisa na ngozi. Siku iliyofuata vimbe lilikuwa limebadilika rangi kutoka wekundu mkali kwenda zambarau, na limelainika. Daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze na wenzake hawakupita tu. Wakaona jambo lile lile kwa mtoto wa pili, wakawatibu wengine tisa, wakaandika barua fupi mwaka 2008. Ingewezekana kuishia hapo, kwa kuwa dawa ilikwisha kuenea duniani kwa nguvu ya barua ile. Walikwenda mbali zaidi: mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 460. Baada ya majuma 24, vimbe lilikuwa limeisha au karibu kuisha kwa asilimia 60 ya waliopata dozi kamili ya propranololi, na kwa asilimia 4 tu ya waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake. Leo ndiyo tiba ya kwanza.

Sasa niwageukie hasa ndugu zangu mnaowaleta wagonjwa hospitali, kwa sababu kuna ugonjwa ambao ningependa muondoke na jina lake kichwani.

Msichana wa miaka ishirini na kitu, mzima, anapata homa kidogo na kichwa kinamuuma. Baada ya siku chache halali. Anasikia sauti, anawaogopa wazazi wake, anasema maneno yasiyo na mpango. Anapelekwa kwa wataalamu wa akili, au anapelekwa kuombewa, kwa kuwa inaonekana wazi kwamba amepandwa na kitu. Halafu mdomo na uso vinaanza kucheza vyenyewe, degedege linamshika, anakuwa kama sanamu, hajibu, na pumzi inakuwa fupi. Kabla ya 2007 wengi wa wagonjwa hawa waliishia kwenye wodi za akili au kaburini bila jina la ugonjwa. Mwaka huo Josep Dalmau na wenzake waliwaeleza wanawake 12 wenye sura hiyo, na wakaonyesha sababu: mwili ulikuwa unatengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, vile vinavyopokea ujumbe kati ya seli za ubongo. Ugonjwa huo huitwa ensefalaitisi ya vipokezi vya NMDA. Kwa wengi wao kiini kilikuwa uvimbe wa teratoma kwenye ovari. Uvimbe huo unaweza kubeba tishu zinazofanana na za ubongo. Kinga inapoushambulia, inaupiga na ubongo wenyewe.

Mwaka uliofuata wakawa wamekusanya wagonjwa 100. Tisini na mmoja walikuwa wanawake. Uvimbe ukiondolewa mapema, kinga ikatulizwa kwa steroidi na tiba nyingine, mtu anarudi. Sabini na watano kati ya 100 wale walipona kabisa au walibaki na athari ndogo. Nimezungumza na wazazi waliopita njia hii, na jambo wanalolisema wote ni kwamba walijua. Walijua kwamba huyu si mtoto wao aliyebadilika tabia, kuna kitu kimeingia ghafla. Kijana asiyekuwa na historia ya ugonjwa wa akili akibadilika ndani ya siku au majuma machache, na kuna homa, degedege au misukosuko ya viungo, mwambieni daktari mambo hayo kwa mfuatano wake, mkitaja tarehe. Mfuatano ndio unaofungua mlango. Nanyi wanafunzi, mama akikwambia "mwanangu hayuko hivi", andika maneno hayo katika faili kama alivyoyasema.

Nitapita haraka kwenye habari za kinga zilizobuniwa maabara, ingawa ndizo zinazojaza makongamano. Mwaka 2012, huko Philadelphia, mtoto wa miaka sita mwenye saratani ya damu iliyokataa kila dawa alitolewa seli zake za kinga, zikabadilishwa ili zitambue saratani, zikarudishwa mwilini. Ziliua saratani kwa kasi iliyokaribia kumuua na yeye. Kipimo kikaonyesha kemikali iitwayo interlukini-6 imepanda mno, na ikatokea kwamba Carl June, aliyeongoza kazi hiyo, aliijua dawa inayoizuia kwa sababu binti yake alikuwa na baridi yabisi ya utotoni. Mtoto akapewa, na ndani ya saa chache akaanza kurudi. Tiba ikaidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kisha huko Erlangen, Ujerumani, Georg Schett na wenzake wakauliza: kama seli hizi zinafuta chembe za saratani za aina hiyo, je, zitaweza kufuta chembe zinazosababisha lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe? Mwaka 2021 wakamtibu msichana wa miaka 20. Mwaka 2024 walikuwa na wagonjwa 15 wa lupasi na magonjwa ya jamii yake, na wote walikuwa wameacha dawa za kutuliza kinga. Kumi na watano ni wachache, tena hawakuwa na kundi la kulinganisha. Wanaofanya kazi hiyo wanalijua hilo vizuri, na tafiti kubwa zinaendelea. Ukisikia mtu anauza tiba hiyo leo kama dawa iliyothibitishwa ya lupasi, mkimbie.

Na mwaka 2025 tukaona kitu ambacho kinanigombanisha hata mimi na kauli yangu ya mwanzo. Mtoto mchanga alizaliwa na kasoro ya kimeng'enya cha CPS1, hivyo amonia ilikuwa inajaa katika damu yake, na karibu nusu ya watoto wa namna hiyo hufa wakiwa wachanga. Rebecca Ahrens-Nicklas, Kiran Musunuru na wenzao walitengeneza ndani ya miezi sita dawa ya kusahihisha herufi moja katika jeni la mtoto huyu mmoja, dawa isiyomfaa mtu mwingine. Alipata dozi ya kwanza Februari. Sasa anaweza kula protini zaidi na dawa zake zimepunguzwa. Hapo hakuna kundi la kulinganisha, na haliwezi kuwepo. Wenyewe hawajaiita kupona, wanaendelea kumfuatilia. Nadhani sheria za kupima dawa zitalazimika kujifunza namna ya kupokea ushahidi wa aina hii, na nyinyi mlio vijana ndio mtakaoziandika.

Kabla sijafika mwisho, neno kuhusu siri. Kisa kikiwa cha ajabu, kufuta jina hakutoshi. Umri, kijiji, kazi na tarehe ya kulazwa vinatosha majirani wamjue mgonjwa. Omba ruhusa kwa maandishi, mwonyeshe utakachochapisha, na akisema hapana iwe hapana hata kama ungekuwa wa kwanza duniani. Na picha za wagonjwa kwenye simu, zile zinazotumwa kutoka kundi hadi kundi "kwa ajili ya kujifunza", tuziache.

La mwisho ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

Mwaka 1904, mjini Chicago, kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno alilazwa na kikohozi na upungufu wa damu. Daktari mwanafunzi, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe nyembamba, ndefu, zilizopinda kama mundu. Akazichora. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha kisa hicho mwaka 1910. Mgonjwa mmoja. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson akaona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi katika miezi ya mwanzo, akahisi kwamba hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ya aina ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, na ambayo haijaisha mwilini mwao, ndiyo inayowalinda. Wazo hilo moja lilizaa njia mbili za tiba.

Njia ya kwanza ni uhariri wa jeni. Seli za uboho hutolewa, hubadilishwa ili ziendelee kutengeneza hemoglobini ya utotoni, kisha hurudishwa. Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo mwishoni mwa 2023. Katika utafiti, wagonjwa 29 kati ya 30 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio la maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kabla ya kuipokea lazima uboho wa zamani uuliwe kwa dawa kali za saratani.

Njia ya pili ni kidonge. Haidroksiyurea nayo hupandisha hemoglobini hiyo hiyo. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwa watu wazima kwamba inapunguza maumivu kwa karibu nusu. Lakini kwa watoto wa Afrika kulikuwa na hofu: je, dawa inayoshusha chembe nyeupe haitawaacha wazi kwa malaria? Utafiti wa REACH ulifanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto zaidi ya 600, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria, ile iliyohofiwa, nayo ilishuka kwa karibu nusu.

Jibu la swali hilo tunalo tangu 2019, lipo katika kidonge ambacho mfamasia yeyote anakijua, na bado wapo watoto wengi wa selimundu wanaolazwa kwa maumivu ambao hawajawahi kukionja. Wafamasia na wauguzi wa kliniki za watoto mlio humu, nawaomba mtuambie kinakwama wapi: stoo, bei, kipimo cha damu cha kila mwezi, au sisi madaktari tunaoogopa kukiandika. Tuanzie maswali hapo.